Nyuso Zilizochongwa Chini ya Balbu

Alhamisi, mtaa wa Pipeline

Ati, "Kwani hawa wote wamefiwa?" Ndivyo Mama Halima alivyoniuliza leo mlangoni pa duka lake, ameinua vinyago vyangu viwili juani. Ni mnunuzi wangu wa siku nyingi, na hajui kubembeleza mtu. Amechukua twiga peke yao. Nyuso za watu nimerudi nazo zote.

Nilikasirika, lakini hakukosea. Tangu wajenge ghorofa lingine ubavuni mwetu, dirisha limebaki kutazama ukuta, nami nachonga chini ya balbu hata saa sita mchana. Mwanga wa dirishani uliingia kwa upande, ukanionyesha kila alama ya patasi. Huu wa balbu unamwagika kutoka juu, kila kitu naona bapa. Basi nakata, naongeza kukata, mpaka macho yamezama na mashavu yameingia ndani. Kule juani ndipo nimeona kazi yangu. Nimechonga maiti.

Na si vinyago tu. Miezi hii yote nikimtazama mke wangu mezani, naona uso umechoka, umesawijika. Nikimwuliza, Mueni anajibu, "Niko sawa." Nikajiambia ni hii balbu, inamzeesha kila mtu.

Leo nikirudi nimemkuta kando ya barabara ananunua sukuma wiki. Hakuwa ameniona. Jua lilikuwa linampiga usoni, nikasimama nikamtazama vizuri.

Uso ni ule ule wa mezani. Balbu nimeisingizia bure.