Baba Aliyeandikwa Jeshini

Jumamosi, Gungu. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na mpaka jioni hii haijakatika. Ziwa halionekani kabisa.

Ninaandika leo kwa sababu nimetunga hati safi kuliko zote nilizowahi kutunga, nikaisoma mbele ya wenyewe, na wenyewe wakaikataa. Nataka nielewe vizuri kilichotokea kabla sijaanza kujitetea.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba tangu nihitimu shahada ya sheria ninajitolea katika ofisi ya wakili mmoja mjini, nikitumaini kuajiriwa. Wiki hii, kwa mara ya kwanza, wakili alinikabidhi shauri zima. "Lishike wewe, mwanzo hadi mwisho," alisema. Nilimshukuru kwa utulivu unaostahili ofisi. Nilipofika chooni niliruka.

Shauri ni la jirani yetu Mzee Kiza, askari mstaafu aliyepigana vita vya Kagera. Macho yake yanafunikwa na mtoto wa jicho, anahitaji upasuaji, na ili atibiwe kwa haki ya mstaafu nyaraka zake lazima zisome jina moja. Hazisomi. Kitambulisho cha taifa kinamwita Kiza Gervas Ntahondi. Cheti cha kumaliza utumishi jeshini kinamwita Kiza Ramadhani Mulenda. Alielekezwa aombe kumbukumbu za jeshi zirekebishwe, aambatanishe hati ya kiapo, na apate shahidi anayemfahamu tangu utotoni.

Kwangu lilikuwa jambo jepesi. Jina la baba mzazi ni moja, jingine ni kosa, kosa hufutwa.

Nikaandika. Aya niliyoipenda kuliko zote ilisema: "Kwamba jina la Ramadhani Mulenda liliingizwa katika kumbukumbu za jeshi kimakosa, na kwamba mtu huyo si baba yangu wala hana uhusiano wowote wa damu nami." Nakiri kwamba niliirudia mara kadhaa kwa kuifurahia tu.

Asubuhi nilikwenda na Mzee Kiza hadi Rusimbi, kwa Bi Mwajuma, shahidi wetu. Ni binti wa huyo Ramadhani kwa mke wake wa kwanza. Yeye na Mzee Kiza walikulia nyumba moja. Alitupokea kwa kahawa na mihogo ya kuchemsha, na hakungoja tukae.

"Kaka, nasikia unaogopa kisu cha daktari. Vita umekwenda, jicho linakushinda?"

"Vitani nilikuwa namwona anayenijia," alijibu Mzee Kiza. "Hospitali watanifunika uso."

Walicheka mpaka Bi Mwajuma akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikaona wakati ni mzuri. Nikafungua faili, nikasoma kwa sauti niliyokuwa nikiitumia katika mashindano ya mahakama ya mfano chuoni.



Nilipoimaliza ile aya, Bi Mwajuma aliweka birika chini polepole. "Mwanangu, umeandika vizuri kweli. Mpaka umemtoa baba yangu nje ya nyumba yake."

Nilieleza kwamba hiyo ni lugha ya kisheria tu, kwamba hakuna anayemvunjia heshima marehemu. Nilisema "kwa mujibu wa taratibu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee Kiza alinisubiri nimalize.

"Nikitia saini hapo, nimeapa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa Biblia?"

"Kwa Biblia."

"Basi sitii."

Kisha akanisimulia. Baba yake, Ntahondi, alifariki huko milimani yeye akiwa bado anatambaa. Mama yake akateremka ziwani, akaolewa na Ramadhani, mvuvi wa Kibirizi ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Nyumbani hakuna mtoto aliyebeba jina la baba. Kwa desturi ya Kiha kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Yeye alizaliwa baada ya mapacha, akaitwa Kiza, ikatosha.

Siku ya kuandikishwa jeshini, Ramadhani alimsindikiza. Alivua viatu vyake akampa, ili kijana asisimame peku mbele ya maafisa. Karani akataka majina matatu.

"Mimi nilikuwa na moja," alisema Mzee Kiza. "Akaniuliza, baba yako nani? Mzee Ramadhani amesimama pale, peku, anatazama chini. Hakuninong'oneza. Aliniachia mwenyewe. Nikamtaja yeye. Akakohoa, akatoka nje. Sasa unataka niape kwamba karani alikosea? Hakukosea. Aliuliza, nikajibu."

Jina la Ntahondi lilikuja baadaye sana, wakati wa vitambulisho vya taifa, alipodaiwa uthibitisho wa kuzaliwa akapeleka cheti cha ubatizo. Nalo hataki kulifuta. "Yule alinizaa," alisema. "Hakupata nafasi ya kufanya zaidi."

Nilitoka nje kumpigia simu wakili, mvua ikiwa ndiyo inaanza. Alinisikiliza, kisha akasema ipo njia nyingine: hati inayothibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, pamoja na ombi la kuongeza jina jipya katika kumbukumbu bila kuliondoa la zamani. Ila ombi la namna hiyo laweza kurudishwa, likaombewa maelezo, likakaa miezi. Kosa hufutwa upesi. Baba wawili huulizwa maswali. "Mweleze yote," alisema. "Achague yeye, si wewe."

Nikarudi ndani nikaeleza, safari hii bila sauti ya mahakamani. Nilisema upasuaji unaweza kuchelewa. Nilimkumbusha alichoambiwa na daktari, kwamba jicho la kushoto limekwisha kuharibika sana na la kulia linafuata.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mwajuma. Sikulitarajia neno lake.

"Kaka, tia tu saini. Baba angekusamehe. Unamjua alivyokuwa."

"Najua angenisamehe," alijibu. "Ndiyo maana siwezi."

Akanigeukia. "Hili la kulia bado linaniambia kwamba huyu ni Mwajuma. Andika upya, mwanangu. Tutangoja."

Nimekaa na jibu hilo tangu mchana. Nilimwuliza Mzee Kiza tarehe ya kuzaliwa, namba ya jeshi, kikosi na mwaka wa kustaafu. Sikumwuliza Ramadhani ni nani. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha wakili kwamba nina haraka.

Hati mpya ni fupi. "Kwamba Gervas Ntahondi alinizaa. Kwamba Ramadhani Mulenda alinilea, naye ndiye niliyemtaja nilipoulizwa baba yangu ni nani. Kwamba Kiza wa majina hayo yote mawili ni mimi." Haina pambo lolote la kumvutia mwajiri. Sijui kama wakili ataipitisha bila kuikwaruza, wala sijui kama huko inakokwenda wataipokea kabla jicho halijafunga kabisa. Hilo la pili linanitisha, na sioni neno la kisheria la kulipunguza.

Je, ningemshawishi zaidi? Huenda mwenzangu mwenye uzoefu angefanya hivyo. Mimi nimeshindwa kupata hoja ambayo ningeweza kuitamka mbele yake huku nikimtazama.

Katika sehemu ya shahidi, penye uhusiano, rasimu ya kwanza ilisema "mtu anayemfahamu". Nimefuta. Nimeandika "dada".

Tumekubaliana kukutana kwa kamishna wa viapo, Jumatano, saa tatu kamili asubuhi. Pale kuna ngazi, na ngazi sasa zinamsumbua. Nilijitolea kwenda kumchukua nyumbani, lakini Bi Mwajuma amekataa. Atamleta kaka yake mwenyewe.