Kiwanja cha Mama Kimeshuka Bei

Kwa mama, Unyambwa,
Singida.
19 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Calist,

Marahaba, na tena marahaba, maana shikamoo zako za kwenye simu zilinifikia zote ila mtandao ulikuwa unakata kabla sijaitikia. Hujambo wewe? Wifi yangu Klara hajambo? Na Ritha, lile jino lake la mbele limeshaota, au bado anacheka kwa kuziba mdomo? Joto la huko Mtwara mnalivumiliaje? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, mahindi ya mama yamefika magotini na alizeti tumemaliza kupanda wiki iliyopita.

Mama hajambo sasa. Hilo neno "sasa" nimeliandika kwa makusudi. Usirukie mwisho wa barua kama ulivyozoea, soma kwa mpangilio, nitafika.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema matatu, umejenga nyumba na umeipangisha. Karatasi haikatizwi. Barua hii itakuja kwa basi pamoja na dumu la mafuta ya alizeti na mfuko wa mlenda mkavu. Mlenda ni wa Klara. Wewe nasikia siku hizi ukiwa na wageni unajifanya huujui.

Sasa swali lako. Uliniuliza kati ya Mwankoko na hapa Unyambwa, ni wapi viwanja vitapanda bei zaidi miaka mitano ijayo, na ukasema unaniuliza mimi kwa sababu sijawahi kukosea. Nilicheka peke yangu jikoni. Dada yako ni mama lishe, Calist, hajasomea ardhi. Lakini ni kweli kwamba mji huu naujua kwa hotipoti zangu.

Mafundi wakianza kuagiza chakula upande fulani, mimi najua kabla ya madalali. Mwanzo ni hotipoti mbili tu, za wachimba msingi. Zikifika tano, malori ya mchanga yameshaanza kuharibu njia. Halafu mtu anafungua kibanda cha vocha na sabuni, bodaboda wanajipatia kijiwe, na siku wafunga umeme wakiagiza wali kuku badala ya wali maharage, ujue nguzo zimefika na bei haikamatiki tena. Ndivyo nilivyokuambia ununue kile kiwanja cha karibu na lami wakati watu wanakiita pori. Leo unajisifia nacho kama vile ulikiota mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni Mwankoko. Mwaka juzi nilikuwa napeleka hotipoti tatu kule. Siku hizi ni kumi na nne, na bodaboda wangu ananung'unika kwamba pikipiki si lori. Unyambwa hii ni mbili, siku nyingine moja, na hiyo moja ni ya fundi wa mwalimu anayejenga kozi mbili za tofali kila mwisho wa mwezi. Huku nako kutapanda, maana mji unapanuka pande zote, lakini polepole. Kama unauliza bei tu, nunua Mwankoko, na ununue kabla ya Pasaka.

Ila usiende kwa maneno ya Naftali dalali peke yake. Kwake kila kiwanja kiko dakika tano kutoka barabara kuu. Sijui anatembea kwa miguu ya nani. Tafuta chenye bikoni, yale mawe ya wapima ardhi, na uwaulize majirani mwenye nacho ni nani.

Hapo ndipo utabiri wangu unapoishia, na hapo ndipo napaswa kusema jambo ambalo nimelikwepa tangu Novemba.

Ulitaka tuuze hapa kwa mama, mnunuzi wa Naftali apewe jibu mwisho wa mwezi huu, ili upate viwanja viwili Mwankoko, kimoja cha kwako na kingine tumjengee mama nyumba ya vigae yenye maji ndani. Najua ulisema kwa upendo. Ulisema pia inangojewa sahihi ya mama na yangu tu.

Unakumbuka fedha ulizotuma Julai za kuzungushia ukuta. Naftali alikuwa ametuambia kwamba minyaa inashusha bei, kwamba mtu wa mjini akiona ua wa minyaa anajua amefika kijijini. Basi nikamwita fundi Mughwai tukaikata yote, ile aliyoipanda baba mwaka uliozaliwa wewe. Utomvu ulimruka Mughwai jichoni akashinda amejifunga kitambaa, nami nikamtania kwamba minyaa inamlipizia kisasi.

Unalikumbuka lile pengo kwenye minyaa upande wa jikoni kwa Swaumu, yule jirani yetu anayeuza maandazi? Hapo ndipo yeye na mama walipokuwa wanaombana moto kila asubuhi. Aliyewahi kuwasha ndiye anayempa mwenzake kaa, na kaa haliendi bila salamu, na salamu za wale wawili unazijua, mtu anaweza kuchemsha maharage yakaiva. Krismasi sahani inapita hapo, Idi sahani inarudi. Miaka thelathini na zaidi.

Mama aliomba kimlango. Siku Mughwai alipofikisha tofali upande ule alikuja kuniuliza.

"Dada Evodia, bibi anasema tumwachie kimlango cha kwa jirani. Nikiache?"

Nikamwambia, "Usiache. Mnunuzi akiona kimlango atadhani kiwanja kina wamiliki wawili."

Mama alikuwa kwenye kigoda chake anapeta mtama, na alisikia. Aliinuka akaingia ndani. Mimi nikachukua kimya chake kuwa ni kukubali. Nikaweka geti jeusi, nikaagiza na vipande vya chupa vipangwe juu ya ukuta wote. Naftali alipita akasema thamani imepanda siku ileile. Nikakutumia picha, ukaniandikia "safi sana dada," nami nikatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Tarehe kumi na mbili Novemba, Jumanne, mama aliteleza kwenye pipa la maji akaanguka. Ilikuwa saa moja asubuhi. Nilimkuta saa tisa alasiri.

Alikuwa amemwita Swaumu. Swaumu alikuwa jikoni kwake, hata hatua kumi na tano hazifiki. Anasema alisikia kitu akadhani ni watu wa njiani. Zamani angechungulia kwenye pengo, au angeona mama hajaja kuomba moto akamfuata. Lakini tangu ukuta uishe alikuwa ameshazoea kutomwona, akidhani mara nyingine yuko kwangu mjini.

Mimi nilikuja na chakula kama kawaida yangu nikimaliza biashara. Geti lilikuwa na komeo kwa ndani. Niligonga mpaka mkono ukauma. Nikampigia Mughwai, alikuwa kwenye nyumba ya yule mwalimu, akaja mbio akapanda ukuta alioujenga mwenyewe. Zile chupa nilizoagiza zilimchana kiganja. Alinifungulia geti damu inamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Mama alikuwa amelala ubavu, jua limemhamia usoni. Nilipiga magoti pale nikalia, Calist, mtu mzima mimi mwenye wajukuu. Aliniambia kwa Kinyaturu, maana akiumia Kiswahili humkimbia, kwamba alimwita Swaumu mpaka akachoka, halafu akaanza kuniita mimi, ingawa alijua niko mjini.

Mfupa wa nyonga ulipata ufa. Alilazwa wiki mbili, na sasa anatembea kwa fimbo, anakula vizuri na anagomba vizuri. Nilihamia hapa tangu siku ile, kibandani naenda na kurudi. Wewe nilikuambia ana mafua. Nilikudanganya mara tatu, na mara ya tatu ulinituma nimnunulie asali, nikanunua nikampa, akaniuliza ni ya nini. Nisamehe, mdogo wangu. Niliogopa, kwa sababu ukuta ulikuwa fedha yako lakini kukataa kimlango kulikuwa neno langu.

Mama alipotoka hospitali nilimwambia Mughwai aje na nyundo. Aliniuliza nataka mlango wa upana gani. Nikamwambia sitaki mlango, avunje kuanzia usawa wa pipa mpaka mwisho wa jiko, hatua sita nzima. Alivunja siku moja, akakataa kulipwa, akasema ni kazi yake ya kwanza iliyomfurahisha kubomoa. Matofali Swaumu amejengea banda la kuku. Fito za minyaa alitupatia yeye kutoka ua wake wa nyuma, tukazichomeka kushoto na kulia tukaacha pengo katikati. Mvua imezipokea, zimeanza kuchipua.

Nitakuambia na jambo lingine, maana bado naenda Mwankoko kila mchana. Zamani nilikuwa nahesabu hotipoti tu. Sasa natazama. Kila nyumba ina ukuta na kila ukuta una geti, na kadiri bei inavyopanda na kuta nazo zinapanda. Wiki iliyopita nilimuuliza mama mmoja, mtu mzuri tu, amekaa pale miaka miwili, jirani yake anaitwa nani. Akafikiri. Akanitajia rangi ya gari lake. Basi nikamfikiria mama yetu na fimbo yake mle ndani, kwenye vigae vinavyoteleza, na maji ndani, anaita.

Naftali alikuja Ijumaa kuulizia jibu. Alisimama kwenye pengo akashika kiuno.

"Dada Evodia, hapa mmekula milioni mbili nzima ya bei."

Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu kutoka kwenye kigoda, "Mwambie mnunuzi wako zimeshaliwa. Wewe karibu uji." Naftali akakaa, akanywa vikombe viwili, na hakuulizia kiwanja tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sitatia sahihi. Mama naye amekataa, na ameniambia niandike hivyo bila kupunguza. Nunua kimoja Mwankoko kwa akiba yako mwenyewe. Kitapanda, na mafundi wako nitawapikia mimi, hotipoti ya kumi na tano. Najua utanuna. Nuna, una haki, ila mpigie mama kabla hujanipigia mimi.

Msalimie sana wifi Klara, mwambie mlenda asiuchemshe kupita kiasi. Mbusu Ritha. Swaumu anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa mbuzi. Mughwai anakusalimu, kiganja kimepona. Mama anawabariki nyote watatu. Amesema Mungu awape afya, riziki, na watu wa kuwasikia mkiita.

Na Pasaka mkija, msigonge getini, maana kutoka huko mama hasikii. Zungukeni kwa Swaumu, mpite pale penye pengo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Evodia