Gauni la Buluu la Kamembe

Mjukuu wangu Salma,

Huku Kigoma tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na ua umejaa nepi za kuanika.

Umeniuliza kwa nini mzazi aamue kumfundisha mwanawe nyumbani. Ya wengine siyajui. Mimi, mtoto wa Kiislamu wa mji wa Kamembe nilikozaliwa, shule ya misheni ilinitaka kwanza nichukue jina la ubatizo. Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu, akamjibu mwalimu mkuu, "Jina yake ni Mwajuma. Ingine ya kazi gani?" Tukarudi nyumbani.

Papa alikuwa fundi cherehani, naye ndiye aliyeshona sare za shule ile ile. Alinifundisha kusoma kwa chaki yake ya kuchorea nguo, juu ya vitambaa vya buluu vya watoto wengine. Nilidhani anaichukia shule.

Asubuhi moja alinikuta mlangoni nikiwatazama wanafunzi wakipita. Akanipa gauni la buluu la kipimo changu.

"Vaa, mama. Unachelewa."

"Nachelewa wapi, Papa?"

Akavuta kigoda karibu na cherehani, akakipangusa vumbi. "Hapa."

Ukiamua kumfundisha binti yako nyumbani, mshonee sare.

Ni mimi bibi yako, Mwajuma, kwa jina lile lile.