Maan na Mabomba Yasiyoganda

Mkwe wangu Maan,

Nimekwenda kazini. Maji hamna hata tone. Gari la maji laja asubuhi hii, mfungulie dereva geti umwoneshe tangi. Dumu la jikoni ni la udhu, msioshee vyombo. ~~Chakula cha mchana kanunueni.~~ Msinunue, ntapika nikirudi.

Mkeo Bashayer kanihadithia, kacheka mpaka kakaa chini. Ati umeiacha mifereji yote ikichuruzika usiku kucha ili mabomba yasigande kwa baridi, kama mlivyokuwa mkifanya kwenu Kanada! Tangi zima limekauka. Baba, hapa Khuwair, nchi ya joto. Hayo masweta unayotuona nayo twavaa kwa sababu ya upepo tu, barafu yetu iko ndani ya friji.

Lakini sanduku lako nimeliona mlangoni. Mkeo kasema umeona haya, wataka mhamie kwa kakako. Lirudishe chumbani. Tangu marehemu mume wangu atutoke, paa likivuja, bomba likipasuka, nahangaika peke yangu. Wewe hata mwezi hujamaliza, ushaanza kukosa usingizi kwa ajili ya mabomba yangu. Umekosea nchi tu, mwanangu. Nyumba hujakosea.

Mamako