Blauzi ya Mikono Mifupi

4 Februari

Mama, shikamoo.

Mimi nipo, nakula, napumua. Mikono ndiyo imenigeuka. Ukurutu umerudi na umepanda hadi kwenye viwiko. Nikinawa sabuni ya hospitali, vidole vinapasuka. Jana mgonjwa mmoja kiziwi hakuangalia ninachomtafsiria kwa alama. Aliangalia vidonda, akasogeza kiti nyuma. Basi nimenunua glavu nyeusi, zinaendana na blauzi yangu ya kazi. Leo hakuna aliyesogeza kiti!

Cherehani inaendeleaje?

Mwanao

19 Februari

Marahaba, mwanangu.

Mimi mzima. Cherehani inakohoa, siisikii, ila meza inatetemeka. Glavu nyeusi juu ya blauzi nyeusi? Mwanangu, mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, sikiliza la mama yako: huko ni kuongea na mdomo umejaa chakula. Vua. Halafu nenda ukaonwe. Unashinda hospitalini kutwa, unajitibu kwa mafuta ya dukani, una akili kweli?

Mama

30 Machi

Mwanangu, hujambo?

Barua yangu hujajibu. Meseji nakutumia, unarudisha "niko poa". Mtu aliye poa hana maneno mawili tu. Nina wasiwasi, na sijui kuuficha. Niandikie hata mstari.

Mama

28 Aprili

Mama, shikamoo. Nisamehe.

Sikuwa poa. Mwezi wa pili alikuja seremala mmoja kiziwi, ana kidonda mguuni. Daktari alisema vidonge mara tatu kwa siku. Nikatafsiri na glavu zangu, yeye akaona vidole viwili. Alimeza mara mbili wiki nzima, kidonda kikachacha, akalazwa siku nne. Sasa amepona. Siku ya kuondoka alinishika mikono, akanivua glavu moja moja mbele ya wauguzi, akasema kwa alama: "Haya, sasa tuongee."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilijifungia chumbani siku tisa, pazia sikufungua. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Ipo kwenye mkoba.

Ila nilienda kwa daktari wa ngozi, Mama. Alinipa karatasi ya maswali. Ngozi imekunyima usingizi? Inakuchagulia nguo? Imekufanya ukwepe watu? Nikajaza "sana" hadi chini. Miaka yote watu wameuliza habari za ngozi, huyu akauliza habari zangu. Nimepata dawa, na kila Jumanne naonana na mnasihi. Anasema huzuni hii nayo ni ya kutibiwa, si ya kuonea haya.

Sasa wananitaka nitafsiri jukwaani mahafali ya wauguzi, tarehe 20 Juni, ukumbi mzima ukinitazama. Sijajibu. Nikikataa hilo, naitoa ile barua.

Mwanao

9 Mei

Marahaba, mwanangu.

Leo sina utani. Ulipokuwa na miaka saba, wageni wakija nilikuvalisha mikono mirefu hata kwenye joto, nikakukataza kuongea nami kwa alama mezani wasije wakaona vidole vyako. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitafsiria, kwa hiyo mimi nikakaa hapo kama kabati. Aibu hukuzaliwa nayo. Niliishona mimi, kwa cherehani hii hii. Naomba unisamehe.

Ndani ya kifurushi kuna blauzi. Mikono yake inaishia juu ya kiwiko, na kitambaa ni pamba tupu, hakiwashi. Ivae au usiivae, wewe ni mwanangu vilevile.

Mama

22 Juni

Mwanangu, hujambo?

Usishtuke: juzi nilikuwepo. Nilikaa safu ya mwisho kabisa makusudi, nione kama alama zako zitanifikia. Zilifika. Kila neno, hata ile hotuba ya mganga mkuu isiyokwisha!

Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliandika kwenye karatasi ya ratiba: "Mikono ya yule dada ina nini?" Nikamwandikia: "Ina kazi." Kalamu ikagoma kutulia, nikaongeza: "Na ni mwanangu." Mwishoni viziwi tulipopunga mikono juu kupongeza, naye akapunga. Nawe ukainua yako yote miwili, myekundu, mikono ya blauzi niliyokushonea ikapanda hadi mabegani. Nimejaa fahari, mwanangu. Wateja wote wameshachoka kusomeshwa habari zako.

Ile barua ya mkobani umeipeleka wapi?

Mama

1 Julai

Mama, shikamoo.

Nilikusamehe kabla sijamaliza kusoma. Ngozi leo imetulia, kesho sijui, ila Jumatatu yule seremala anarudi kliniki kukaguliwa mguu na ametaka nitafsiri mimi, si mwingine.

Karatasi zimeniishia, nimetumia iliyokuwepo mkobani. Geuza usome upande wa pili, kisha uifungie vitumbua vyako vya asubuhi.

Bintiyo, mkalimani