Mashini Yenye Haifungi Fichier

Kitsa, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo wa Beni,

Miye niko muzima huku Butembo, goti tu inaniuma. Nadège wa jirani anaandika, miye nasema.

Uliniambia ku simu: mashini yenu ya kazi, pale Beu mu Beni, inapokea habari za hatari toka vijiji. Kila habari inafungua fichier, ni kusema kama daftari mu tumbo ya mashini, lakini programu hapana kuifunga. Zikifika ku mupaka ya hesabu yake, mashini inakataa habari mupya. Chef Hénock, mukubwa yako wa kazi, anasema uongeze mupaka. Umeongeza mara mbili, imejaa mara mbili. Mujinga ule! Nyumba ya kilio yenye batu banaingia bila kutoka, utaongeza viti mpaka wapi?

Tafuta programu yenye inashika zile fichier, uifanye izifunge leo.

Juzi shangazi yako Kavira aliniita ku simu toka kijiji yake Vuhovi: “Mama, batu ba bunduki bako mu shamba. Natuma habari, mashini inakataa. Najaribu tena.” Tangu pale simu yake hapana kuita.

Ukipata nafasi mu mashini, habari yake itaingia. Unisomee weye mwenyewe, usitume mutu.

Miye Kyakimwa, bibi yako mwenye fimbo na mapendo