Mama Mkwe na Mwizi wa Pilau

Jumamosi, 7 Desemba 1996
Mazoezi, ukumbi wa kanisa, Fridley, Minnesota. Mchezo wa Krismasi uleule, mwaka wa nne. Mwizi anaiba pilau, Kondo ndiye Mama Mkwe: gauni, wigi, kifua cha soksi. Mimi mshonaji. Mwaka jana alibadilisha kichekesho kimoja, watoto wakamzomea. Wanavijua vyote na wanavitaka vilevile.

Jumanne, 10 Desemba
Dada kapiga simu kutoka Tabora. Mama amefariki. Wanazika kesho. Makaratasi yangu bado yako uhamiaji, nikitoka, sirudi. Nimekwenda kazini, nyumba ya wazee, nimeogesha wanane. Sikulia. Naona aibu.

Alhamisi, 12 Desemba
Watu wamekuja kuhani. Mzee Kimani, mzee wetu wa kanisa, kutoka Kenya, anataka mchezo uahirishwe.

Kondo hakunipa pole. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, ni watani. Kwetu mtani ndiye anayechekesha msibani, hata avae nguo za marehemu amwigize. Kaingia jikoni, kaonja mchuzi wangu, kasema Mama aliona bora afe kuliko kuula tena. Kimani nusura amtoe nje. "Kwetu huwezi chezea matanga hivi," kasema.

Kondo kaomba kanga aliyoisahau Mama alipotutembelea. Nimempa.

Jumapili, 15 Desemba
Nimemwambia Kimani mchezo uwepo. Kakubali shingo upande. Sijui kama nimefanya vizuri. Nikilia mbele ya watu? Nisipolia kabisa? Hilo la pili linanitisha zaidi.

Jumamosi, 21 Desemba
Kondo kaingia jukwaani na kanga ya Mama kichwani, imelala upande mmoja kama alivyoifunga mwenyewe. Kaisema baridi ya Minnesota kwa sauti ya Mama hasa, anavuta pumzi puani kabla ya kila tusi. Mama alikaa nasi kiangazi kizima. Watu wanaijua sauti ile.

Mwizi kaingia kwa nyuma. Kondo kauliza, kama kila mwaka: "Wanangu, mwizi yuko wapi?"

Kimya. Siku zote watoto hupiga kelele hapo. Leo mama zao wamewaziba midomo. Kauliza tena. Kimani kasimama.

Nilikuwa pembeni ya jukwaa, pini mdomoni. Nikazitema.

"Nyuma yako, Mama!"

Watoto wakaitikia, kisha ukumbi mzima. Kondo kageukia upande usio wenyewe, kama kawaida yake. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikalia, muda mrefu. Kimani kaniletea leso yake.

Jumapili, 22 Desemba
Macho yamevimba. Kondo kaja kudai haki ya mtani. Nimempa kuku kutoka kwenye friji. Kasema ni mdogo.

Mchana nimempigia dada. Nimemuuliza Mama amelala upande gani wa kaburi la Baba. Sikuwahi kuuliza chochote kuhusu mazishi. Kushoto, kasema. Mvua ilinyesha siku ile, wakasubiri ikatike.